Muuza omena aenda Ulaya, lakini hatalala kwa mkwe

Saa moja asubuhi, ufuo wa Luanda Kotieno, kando ya Ziwa Victoria, umeshaamka zamani. Dorca Apiyo ameinama juu ya wavu uliotandazwa chini, anaisambaza omena, dagaa wa ziwani, kwa viganja ili kila kisamaki kipate jua lake. Yangeyange wawili wanamnyemelea kwa nyuma. Anawafukuza bila kugeuka, maana macho yake yako kwenye simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, akitazama treni inayoingia ndani ya mlima.

“Hebu ona,” anamwambia jirani yake, Elsie Nasike. “Imemezwa. Mlima mzima uko juu yao, na watu wamekaa humo ndani wanakunywa chai.”

Elsie ana kibanda cha simu na intaneti papo hapo ufuoni, na ndiye mshauri mkuu wa safari hii. Safari yenyewe ni ya Ujerumani, Austria, Italia na Uswisi, wiki mbili za Septemba, na akishafika huko, yote kwa treni. Dorca, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, hajawahi kupanda treni hata moja. Amezoea feri ya Mbita na malori ya mizigo ya kwenda Busia.

Usimcheke. Mama huyu hakuanza kwa kutaka matembezi. Alianza kwa kutaka kumbeba mjukuu.

Binti yake wa pekee, Lorine, ni muuguzi mjini Munich, Ujerumani, na ameolewa hukohuko. Mapema mwaka huu alijifungua mtoto wa kike, akamwalika mamake. Mumewe, Mjerumani, akapaka rangi chumba cha mgeni. Hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu kwa desturi ya Waluo, mama halali chini ya paa la mkwe wake. Kushinda hapo mchana, sawa. Kulala, hapana.

“Nilimwambia, mtoto wangu, nitakuja, lakini jua likitua niwe nimetoka kwako,” anasimulia Dorca. “Alilia. Akaniuliza, ‘Mama, kwani nyumba yangu inanuka?’ Siku tatu hakushika simu yangu. Nilivunjika moyo kabisa.”

Hoteli je? Alilifikiria hilo, akaliacha. Kulala hotelini katika mji uleule kungekuwa kumtangazia mkwe kwamba nyumba yake imekataliwa. Lakini mgeni aliye matembezini hana lawama, na ni Elsie aliyegundua kwamba kule kuna treni zenye vitanda. Unapanda Munich jioni, unalala, unaamka Roma. Unashinda Roma, unapanda tena jioni, na asubuhi uko Munich umembeba mjukuu. Usiku mwingine atalala Vienna, mwingine Zurich, kwenye vyumba vidogo vya kulala wageni.

“Nilidhani Elsie ananichezea,” anasema Dorca, na mikono yake imeacha kazi kidogo. “Shuka, mto, na chai ya asubuhi, ndani ya treni. Mimi nikipeleka omena Busia nasimamishwa na polisi hapa, nasimamishwa pale. Huko, nchi nzima ya Austria itanipita nikikoroma. Mungu ni mkubwa, na binadamu naye amejaribu.”

Mkwe alitaka kulipia kila kitu. Nauli ya ndege Dorca aliipokea kwa shukrani. Vitanda alikataa katakata.

“Akinunua yeye, kitanda ni chake,” anaeleza. “Nitakuwa nimelala kwa mkwe vilevile, ila kwa magurudumu.”

Kwa hiyo vitanda vinanunuliwa na omena. Gorogoro moja, yaani mkebe wa kupimia, anaiuza shilingi mia tatu, faida yake kama hamsini hivi. Mvua ikiinyeshea kabla haijakauka, inaishia kuwa chakula cha kuku. Na kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa, na wavu unakaa mtupu. Kuna majuma aliyoamini kabisa kwamba mtoto yule atatembea kabla hajamshika.

Wiki iliyopita, kibandani kwa Elsie, alilipia kitanda cha kwenda Roma. Elsie akampelekea Lorine picha ya tikiti. Simu ikalia papo hapo.

“Akaniuliza, ‘Mama, hicho chumba cha treni kina vitanda vingapi?’ Nikamwambia viwili, mimi nimenunua cha chini. Nikajua sasa anaanza tena kulia. Kumbe anawaza. Akasema, ‘Nunua na cha juu. Kama wewe huwezi kulala kwangu, mimi nitakuja kulala kwako.’”

Dorca anajifuta macho kwa mkono wenye magamba, halafu anarudi kwenye wavu, kwani kitanda cha juu bado hakijalipiwa. Lorine alitaka kukilipia mwenyewe. Mamake hakutaka hata kusikia.

“Binti yangu akija kwangu analala bure,” anasema. “Na mtoto hahitaji kitanda. Huyo atalala kifuani kwangu mpaka Roma.”