Chaki ya Meno Matatu

Mashine yangu ya kwanza ya kukereza vyuma niliipata Migori mjini, kuukuu, bila chaki. Chaki ni kile kichwa chenye meno ya kushika chuma kikizunguka; bila hicho mashine ni meza tu. Nikaenda Homa Bay kwa muuza vyuma vikuukuu karibu na soko, naye akanitolea mbili.

"Hii ya meno matatu," alisema, "ukikaza moja, yote yanakuja pamoja. Chuma kinakaa katikati chenyewe. Hii ingine ya meno manne ni boma ya wake wanne. Kila jino liko na nyumba yake. Unaenda kwa huyu unabembeleza, unaenda kwa yule. Ukiharakisha, unalala nje."

Waliokuwa pale wakacheka. "Wewe Msabato utaweza hiyo kweli?" mmoja akauliza.

"Mimi mmoja ananitosha," nikajibu, nikabeba ya meno matatu. Nilijiona mjanja. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wangejua sijui kuikaza ile nyingine.

Mwanzoni haikunisumbua, maana kazi zote zilikuwa za vyuma vya mviringo. Kisha ndugu yangu mdogo akaja kutoka Kosele na gunia begani. Ndani mlikuwa na kipande cha mraba kinachoshika beringi ya kinu chake cha unga. Tundu lilikuwa limelika na kinu kimesimama. Mvua ilikuwa imekataa, shamba limekauka. Kinu hicho ndicho kilichokuwa kikimlisha yeye, mkewe na watoto wao.

"Omera, ndugu yangu, usiniambie hapana," alisema. "Mafundi wengine wamenirudisha."

Nilijua kwa nini walimrudisha. Meno matatu hayashiki mraba; ile ya manne niliyoiacha Homa Bay ndiyo ingeushika. Lakini angewezaje kurudi nyumbani na neno hilo, tena kutoka kwangu? Nikapachika vipande vya bati kujaza mapengo, nikakaza mpaka ufunguo wa chaki ukanichuna kiganja.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Nikawasha. Kilizunguka, nikaanza hata kuamini. Kisu cha mashine kilipogusa tu, kipande kikachomoka, kikampita ndugu yangu karibu na sikio, kikagonga ukuta. Kilikuwa chuma cha kumimina, na chuma hicho hupasuka kama chungu.

Nilizima mashine. Yeye aliinama, akaokota vipande, akaviunganisha kwa mikono, akavishikilia hivyo kana kwamba vingegandana.

"Kitachomelewa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

Nikatikisa kichwa. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

Kinu kilikuwa cha zamani. Kipuri chake hatukukipata Migori wala Kisumu. Msimu huohuo akaenda kukata miwa upande wa Awendo. Mkewe akawa anabeba mahindi ya kununua kichwani, anapita mlango wa kinu chao, anaenda kusagiwa kwa watu.