Kasuku wa Bibi Shamba Alivyonilisha Karanga

Kwanza nikiri: mimi ni muongo. Muulize mtu yeyote hapa Mbekenyera, kuanzia mwalimu wa zamu mpaka muuza chapati, atakwambia yule kijana wa kidato cha tatu akikwambia habari za asubuhi, toka nje uangalie jua kwanza. Lakini hili sijalitunga. Ningekuwa natunga, ningejiweka pazuri zaidi ya pale nilipokuwa.

Bibi shamba wetu, yaani mtaalamu wa kilimo aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya, tunamwita Mama Neema. Alikuja na kitanda, jiko la gesi na kasuku. Usifikirie yule kasuku wa kijivu wa kwenye picha. Huyu alikuwa mweupe pe, mkubwa kama mtetea, ana kishungi cha manjano utosini kinachosimama akikasirika. Marehemu mume wa Mama Neema, baharia, ndiye aliyemleta kutoka huko mbali wanakoishi wenzake, wanakoruka makundi kwa makundi na kupiga kelele juu ya miti. Kwetu alikuwa peke yake. Kifuani alijinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikawa nje.

"Upweke huo," alisema Mama Neema.

"Anajiandaa kwa mchuzi," nikasema mimi.

Wenzangu walicheka. Ndege akanitazama.

Tulimwita Meneja, maana alitembea kama bosi anayekagua vibarua. Mama Neema akisafiri, mimi ndiye niliyemlisha kupitia nondo za dirisha la mbele, tundu lake likiwa pale pale kwa ndani. Alinionya nisiingie kamwe, ndege hapendi. Sawa. Na kulisha kwenyewe kulikuwa hivi: nashika karanga mbali kidogo na mdomo wake, namwambia, "Sema shikamoo mwalimu. Sema! Ukisema utakula." Asiposema, nakula mwenyewe huku ananiangalia.

Mwishowe alijifunza. Nilimfundisha kupaza sauti, sauti yangu kabisa, "Gari la pembejeo limefika!" Wazee wakatoka mbio na baiskeli kuwahi salfa ya mikorosho, jua la saa saba, gari hakuna. Nilicheka mpaka nikalala chini. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Sasa sikia. Desemba hii mdogo wangu Shaibu alikuwa anatoka jandoni. Kwetu mtoto hatoki kule kwa miguu yake. Anavalishwa nguo mpya, anapakwa poda, anabebwa mabegani mpaka nyumbani, na nyumbani kwetu anayembeba ni kaka yake. Siku anapelekwa, Shaibu alinishika shati. Ana miaka kumi tu.

"Kaka, utanibeba wewe, eti? Sio mjomba. Mjomba ananuka tumbaku."

"Nitakubeba mimi," nikamwapia. Na hapo sikuwa natania.

Siku ya kutoka, ngoma ilikuwa saa tisa. Saa saba nikapita kwa Mama Neema, aliyekwenda kikaoni Ruangwa mjini, niweke karanga kizingitini mwa dirisha nikimbie. Tundu lilikuwa tupu. Kwa utani tu, nikapiga hodi.

Ndani mtu akakohoa. Mwanaume.

"Karibu, kijana. Ingia tu, mlango wa nyuma uko wazi."

Wewe ungefanyaje? Tumelelewa hivyo: umepiga hodi, mtu mzima amekukaribisha, ukiondoka umemdharau. Nikazunguka. Kweli mlango ulikuwa wazi. Nikaingia, "Shikamoo, baba," kimya. Chumba cha kwanza hakuna mtu, cha pili hakuna. Kila kitu kimefunikwa unga mweupe unaotoka kwenye manyoya ya Meneja, na kwenye unga hapakuwa na alama ya mguu isipokuwa yangu.

Mlango ukajifunga nyuma yangu. Halafu nikasikia komeo la nje likisogezwa. Kri. Kri. Kri. Polepole, kama mtu anayefaidi.

Nilisukuma, nilipiga mateke. Mlango wa mbele una kufuli kwa nje. Simu niliiacha nyumbani inachaji. Nikakimbilia dirishani. Meneja alikuwa nje. Amening'inia kwenye nondo kwa kucha na mdomo, kishungi kimesimama, mimi niko ndani. Akaokota karanga moja kizingitini, akaisogeza karibu na uso wangu, akairudisha nyuma.

"Sema shikamoo mwalimu," akaniambia. "Sema! Ukisema utakula."

Sauti yangu. Na kicheko changu mwishoni.

Utacheka, najua. Lakini nilisema. Naapa, nilimwamkia ndege mara tatu, nikidhani atafungua. Akala karanga mwenyewe.

Saa tisa nikasikia ngoma. Zikakaribia, zikafika barabarani, hatua kama thelathini tu kutoka nilipo, ila kati yetu kuna ua wa minyaa mrefu, hawanioni. Zikanyamaza. Mama yangu ndiye aliyekuwa amewaambia niko huku nalisha ndege.

"We kijana!" mjomba akaita. "Njoo umbebe mdogo wako!"

"Mjomba, nimefungiwa! Njooni mnifungulie!"

"Nimefungiwa! Njooni mnifungulie!" Meneja akadakia, kwa sauti yangu ile ile, halafu akamalizia, "Gari la pembejeo limefika!"

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Leo simsogelei huyo, nilipasua tairi juzi."

Nikapiga kelele tena mpaka koo likawaka. Kila nilichosema kilitoka mara mbili. Ndipo akasema kitu ambacho sikumfundisha. Sikumfundisha, niamini. Wala sijawahi kukisema mahali popote.

"Siji! Mbebeni wenyewe. Kazito hako kajitu!"

Kule barabarani ikasikika sauti ndogo ya Shaibu: "Kaka? Si uliniapia?"

Nikaziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili, nihakikishe si mimi. Sauti yangu ikaendelea kucheka pale dirishani. Ngoma zikaanza upya, zikapita.

Mama Neema alirudi magharibi. Komeo la nyuma alilikuta limefungwa kwa nje. Meneja yuko ndani ya tundu lake, mlango wa tundu umezungushiwa waya, kichwa amekificha bawani, kalala. Aliingia saa ngapi, na kupitia wapi? Mimi sikupepesa macho. Nilikuwa mweupe kwa ule unga kuanzia nywele hadi viatu.

"Nani alikwambia uingie?"

"Mwanaume. Alikohoa kwanza, akasema niingie tu, mlango wa nyuma uko wazi."

Mama Neema akakaa chini, sakafuni pale pale kwenye unga. Akasema, "Ndivyo mume wangu alivyokuwa akikaribisha wageni. Tangu afe, Meneja hajawahi kuitoa sauti ya marehemu. Nilimbembeleza miaka."

Nyumbani nilimweleza Shaibu kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa wima na kanzu yake mpya. Zamani angenirukia mgongoni na kuniita muongo. Sasa kila asubuhi ananiambia, "Shikamoo, kaka," kwa adabu, anapita. Nimejaribu kumchekesha. Ananisubiri nimalize, kama unavyomsubiri mgeni.

Mama Neema amehamishiwa Nachingwea, akaenda na ndege wake. Wanaotoka huko wananiuliza nilihamia lini, maana wananisikia. Nami sijakanyaga Nachingwea tangu nizaliwe. Tena ndege wale huishi miaka sitini.

Kwa hiyo ukipita mitaa ya huko, ukapiga hodi, kijana mcheshi akakujibu, "Karibu, ingia tu, mlango wa nyuma uko wazi," usiingie. Si mimi. Ukiwa na karanga, weka kizingitini uondoke, na tafadhali usimwambie aseme kitu.