Pont ya Nyuma Niliyomuchagulia Papa

Mpaka leo nina hasira, na anayenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe. Pont ya nyuma ya jeep ya Papa, ile mashine ya meno inayozungusha magurudumu, ilivunjika. Akanituma nichague nyingine sokoni Bunia, maana nyumbani sinyamazi: nasoma mécanique, ufundi wa magari! Nikachukua iliyong'aa kuliko zote.

Kwenye barabara kavu jeep ilikimbia vizuri. Lakini kwenye matope ya Komanda, Papa alipoingiza na magurudumu ya mbele yasaidie, iliruka kama mbuzi, chuma kikalia, ikazimika. Nyanya za wamama tuliowabeba zikabaki zinapondeka juani.

"Meno ya pont ya nyuma hayalingani na ya pont ya mbele, magurudumu yanapigana!" Papa alinguruma.

"Ule muuzaji ni mwizi!" nilipiga kelele kuliko wote. "Mupigie simu, Papa! Mutukane!"

Akampigia, sauti ikiwa wazi, wamama wote wakisikiliza.

"Papa, nilimuuliza mutoto wako mara mbili kama alihesabu meno ya pont ya mbele," muuzaji alijibu kwa ukali. "Akaniambia: weye uza tu, siye ndio tunasomea mambo haya."

Wamama wakanigeukia polepole, kila mmoja na nyanya mkononi.