Kashata Zilizogandia Sahani ya Bi Mwajuma

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, ambayo ilinitoa jasho jikoni kuliko siku yoyote niliyowahi kuchunga ng'ombe. Nakusimulia kwa sababu jana nimekusikia kwenye simu ukiagiza pipi za pakiti za kuwagawia majirani. Iweke hiyo simu chini kidogo. Haina miguu, haitakimbia.

Nilikuwa kijana, ndoa yangu bado changa. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Mwamkulu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, mimi na bibi yako tukapanga chumba hapa Kawajense. Jirani yetu alikuwa Bi Mwajuma, mwenye duka la pale kona, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Idi ilipofika akatuletea kaimati kwenye sahani yake ya bati yenye maua mekundu. Tulikuwa wageni, hatumjui mtu, na zile kaimati ndizo zilizotukaribisha Mpanda. Tulizila mpaka tukalamba vidole, mimi hasa.

Basi sahani ikabaki kwetu. Unajua mwenyewe ilivyo aibu kumrudishia jirani chombo kitupu. Bibi yako akasema tusubiri, Krismasi atapika visheti aijaze. Lakini wiki ileile ya Krismasi akajifungua mapacha, shangazi yako Kulwa na baba yako Doto. Akawa hoi kitandani, na badala ya kuwafurahia watoto, macho yake yako kwenye ile sahani.

"Bi Mwajuma atatuona watu gani?" akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nitanunua biskuti," nikamjibu kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Utanunua wapi?"

Duka la karibu lenye biskuti lilikuwa moja tu, na ni la Bi Mwajuma mwenyewe.

Bibi yako akasema nipike kashata, maana karanga zilikuwepo na sukari ilikuwepo. Mimi! Nilikotoka, mwanaume jikoni alifuata kijinga cha kuwashia sigara, basi. Lakini nilivyomwona yule mama amelia, nikawasha mkaa. Akawa ananielekeza kutoka kitandani, na mimi najibu "najua, najua", huku sijui kitu.

Karanga nilizikaanga vizuri, hapo sijisifu bure. Sukari ndiyo iliyonitoa kamasi. Niliiacha motoni mpaka ikageuka rangi ya chai kavu, nikamwaga karanga, nikasonga kama nasonga ugali wa msiba. Kisha, ili kazi iishe haraka, nikaimimina yote moja kwa moja kwenye sahani ya Bi Mwajuma, bila kupaka hata tone la mafuta. Nikaikandamiza kwa mwiko, nikajipongeza.

Ilipopoa haikubanduka. Kisu kilipinda. Niliigeuza sahani nikaigonga mgongoni, haikudondoka hata punje moja. Bibi yako alicheka huku ameshika tumbo. "Baba Kulwa, niache, nitaumia!" Mimi sikuwa na raha hata kidogo. Sasa hatukuwa na kashata wala sahani.

Nikataka kuificha uvunguni. Bibi yako akakataa katakata. "Mpelekee hivyohivyo. Si umempikia yeye?"

Nikaenda, mvua inanyunyiza, sahani nimeifunika kwa khanga. Bi Mwajuma akaipokea kwa mikono miwili, akajaribu kumega, akashindwa. Akaigonga kwenye meza ya duka. Ikalia ko, ko, ko.

"Ngosha," akaniita, kama tunavyoitwa wanaume wa Kisukuma, "umeniletea tofali?"

Nikamweleza yote, hata ile habari ya biskuti. Alicheka mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini. Lakini nilipomwambia nitamtafutia sahani nyingine, akaacha kucheka, akanitolea macho.

"Usinitajie sahani tena, umesikia? Biskuti ninazo humu, maboksi kwa maboksi. Mtu wa kuungua vidole kwa ajili yangu, huyo sina dukani."

Nilikuwa nimeungua viwili kweli, na nilidhani nimevificha.

Akafunga duka. Akachukua chupa ya mafuta na sinia lake, tukarudi wote kwetu. Aliiweka ile sahani juu ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka tofali likalegea. Kisha akanisimamia nikapika upya: moto mdogo, sinia limepakwa mafuta, na kukata vipande kashata zingali za moto. Zilipokuwa zinapoa, aliwaogesha mapacha, akampikia bibi yako uji wa pilipili manga. Nilimwona bibi yako akilala usingizi mzito, na mimi nikashukuru moyoni.

Tangu siku hiyo ile sahani haijatulia nyumba moja. Idi inakuja kwetu, Krismasi inakwenda kwake. Maua yamefutika karibu yote. Bi Mwajuma naye meno yamemwisha, kwa hiyo sasa karanga tunazitwanga laini kabisa, na bado ananiuliza kama nimeleta tofali.

Mwaka huu mikono yangu inatetemeka, siwezi kushika sufuria ya sukari ya moto. Ndiyo maana nimekuita. Mwanangu, usimpe jirani kitu ambacho hakikukusumbua hata kidogo. Mpikie mwenyewe, mpelekee mwenyewe, ukae naye akionja. Ikiharibika, mpelekee hivyohivyo, ucheke naye. Pipi zako za pakiti wape watoto, hawatazikataa.

Haya, lete ungo tupepete karanga. Mungu akupe mikono isiyochoka kupikia wenzako, akupe na majirani wa kukucheka bila kukusema. Na sinia, mwanangu, lipake mafuta kwanza.