Watatu Wanaobaki

Huko Lubondja, mwaka ule wa vita, 1999, shule ilikuwa imebaki kuta, na watu walilala mashambani, kila familia na kibanda chake katikati ya mihogo. Sasa mwalimu Anastasie angefanya nini? Wanafunzi hawakuweza kuja shuleni, basi shule ikawafuata wanafunzi, ndani ya kikapu.

Kikapuni mlikuwa na vipande kumi na viwili vya kartoni ya sabuni, kimoja kwa kila mtoto, vimeandikwa kwa mkaa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, alisema, na hakuwa mtu wa kupoteza mkaa kumpa mtoto somo lisilomfaa. Lionel, ambaye hakutulia hata ukimfunga kamba, alihesabu kwa punje za maharagwe. Solange alijifunza kusoma kwa nyimbo za kanisani alizokuwa amezikariri. Wazazi walimtania kwamba anapika vyungu kumi na viwili kwa chakula kimoja.

Kipande cha kumi na mbili kilikuwa cha Isidore, mwanawe. Kipindupindu kilimchukua mwezi wa tano, kwa siku mbili tu. Anastasie hakulia wala hakuacha kazi. Alitembea, akafundisha, akala alipoambiwa ale. Ndani mwake mlikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Isidore alipenda ziwa, kwa hiyo hesabu yake ya kugawanya ilikuwa ya mitumbwi: watu arobaini na watatu wanavuka, kila mtumbwi unabeba wanane, mitumbwi mingapi itajaa, na wangapi watabaki? Chini yake mtoto alikuwa ameandika tano, akaishia hapo.

Mwezi wa nane Fanny, mjukuu wa bibi Constance, akafika kwenye kugawanya. Kartoni mpya haikuwapo, na kipande chake mwenyewe kilikuwa kimechakaa kwa kufutwa. Ilibidi kufuta kipande cha Isidore na kuandika upya, na hilo Anastasie hakuliweza. Akampa vilevile kilivyo.

Fanny alisoma. Kisha akauliza, “Mama mwalimu, bale batatu benye banabakia, banaenda wapi?”

Ndipo Anastasie akakumbuka alichokijua siku zote. Mwaka uliopita, ufukweni Baraka, mtumbwi wa kwenda Kigoma ulijaa; mama yake Fanny alipanda na watoto wadogo, Fanny na bibi yake wakabaki. Habari za mtumbwi ule hazikufika tena. Mwalimu akaona aibu, na aibu hiyo ilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu mwezi wa tano.

Akatema mate kiganjani. Akafuta watu, akafuta mitumbwi, na ile tano ya mwanawe ikafutika pamoja nayo. Akaandika: mihogo arobaini na mitatu, vikapu vya minane minane.

Fanny akaandika tano, palepale. Kisha akaandika tatu.

“Na hii mitatu yenye inabakia?” mwalimu akauliza.

“Ile tunapika, mama.”

Anastasie akasema ni sawa. Jioni, akivuka mto kurudi, aliona mkaa bado umeshika kiganjani, na hakunawa.