Nimeutoa Mji wa Jirani Yangu kwa Redio

Mungu wa rehema ayatangulie maneno yangu. Nawasalimu, wapendwa.

Leo alasiri nimeitoa Kuresoi, nami si mwenyeji wake.

Tulikuwa ukumbini hapa Nakuru, tukisikiliza vitendawili redioni.
Kimoja kikatushinda sote.
Mtangazaji akadai, "Basi nipeni mji!"

Desturi ni desturi: asiyejua jibu hutoa mji.
Nikasimama, nikavua kofia. "Chukua Kuresoi!"

Jirani yangu, Mzee Kiprono, akaruka kitini. "Mbona unatoa kwetu? Toa kwenu!"
Watu wakacheka. Yeye akatoka.

Kumbe redio husema tu, haisikii. Mtangazaji alipokea Mombasa kutoka kwa mwenzake wa studioni, akatoa jibu.
Je, Kuresoi imetoka au haikutoka?

Zito ni hili: Jumamosi Kiprono ndiye msemaji wetu tukienda kumposea mwanangu mke.
Nikamfuata kwake, nikaomba radhi.

"Kwenye posa nitakuja," akasema. "Lakini wewe, mzee, utafunga mdomo. Usije ukawapa wakwe ng'ombe wetu wote."

Nimesamehewa, au nimenyamazishwa? Nishaurini.

Bwana awape amani, ninyi na wote mlio nao nyumbani.