Private life ya mgombea: bati za banda la kuku zilivyompa mtu udiwani

Wakuu, wakubwa wote humu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kila siku naona mnachoshana humu: private life ya mwanasiasa inamhusu mpiga kura au haimhusu? Mimi nilikuwa timu "haimhusu", tena kwa kiherehere. Ninayosimulia nimeyaona kwa macho na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu, so anayesubiri chai aende kwenye nyuzi nyingine. Majina naficha, maana simu za vitisho nimeshapokea za kutosha.

Mimi ni mtu wa spika. Nakodisha muziki hapa Utemini, Singida mjini. Harusi, kipaimara, maulidi, kote nipo. Uchaguzi ndiyo mavuno yetu.

Uchaguzi uliopita nikachukuliwa na jamaa mmoja aliyekuwa anagombea udiwani. Anaishi hapahapa Utemini, nyumba ya geti, ila kata aliyogombea ni ya kwao alikozaliwa, mbele kidogo ya Sepuka. Tumwite Mtarajiwa, maana alitaka tumwite Mheshimiwa hata kabla ya kurudisha fomu.

Mpinzani wake alikuwa fundi ujenzi wa palepale kijijini. Mchapakazi, lakini ana wake wawili, na hao wakianza kugombana hata ng'ombe wanaacha kula.

Tukaona hapo ndipo pa kumshika. Nikamtungia Mtarajiwa sentensi: "Aliyeshindwa kutuliza nyumba yake, ataitulizaje kata?" Mungu anisamehe, niliitunga mimi, na nikaiwekea echo.

Wakuu, ile sentensi ilipigiwa makofi vijiji vyote. Mtarajiwa akanogewa, akawa anawataja wale wake mmoja mmoja, nani kamrushia nani mwiko.

Tukafika kijijini kwao sasa.

Akamwaga sera, akahesabu wake wa mwenzake, watu wakacheka. Ikafika zamu ya maswali. Mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono pale mbele, nikampelekea maiki mwenyewe.

"Shikamoo mama," Mtarajiwa akawahi.

"Marahaba mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anawasalimia sana."

"Ananisalimiaje kupitia kwako wakati ameamkia jikoni kwangu?"

Watu wakageuka kumwangalia Mtarajiwa.

"Paa la udongo la tembe lake lilianguka mvua zilizopita," mama akaendelea, taratibu tu. "Tangu siku hiyo analala jikoni kwangu pamoja na mbuzi. Nilitaka kujua kama habari zilikufikia."

Na mimi mjinga nilikuwa sijazima echo. Zilikufikia... kufikia... fikia... Ikaenda hadi kule kisimani.

Mtarajiwa akajifuta jasho. "Ndugu zangu, tusichanganye maisha binafsi na maendeleo."

Mzee mmoja akamjibu kutoka nyuma, bila maiki, "Sasa wake wa mwenzio ulikuwa unawahesabu wa nini?"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mkutano uliishia hapo.

Kwenye gari Mtarajiwa akafoka kwamba watu wa kwao wana umbea. Nikamwambia kweli kabisa boss. Nilikuwa nakula kwake, ningesemaje?

Sasa uani kwake kulikuwa na bati ishirini na nne mpya, zinasubiri banda la kuku. Alikuwa anajiandaa kufuga kisasa. Kesho yake akaniita, akanionyesha zile bati.

"Chukua fundi hapa mjini, kamwezekee mama. Ila mwambie asipigilie sana. Misumari michache, nusu nusu. Kura zikiisha zinarudi, vifaranga wanakuja."

Wakuu, hapa ndipo mnitukane. Nilisema sawa.

Tukaenda. Tukatoa udongo ulioanguka, fundi akaweka fito, akashikiza bati kama alivyoagizwa. Mama wa Mtarajiwa ni mwembamba, mpole, haongei sana. Alikuwa na kuku watatu tu. Akachinja jogoo akatupikia na ugali wa mtama, akatuombea safari njema. Nilikula ile nyama huku najua ninachokijua, na bado nikaomba mchuzi uongezwe.

Mtarajiwa akaja jioni, akashika nyundo, nikampiga picha. Caption niliandika mimi: "Mama kwanza."

Baada ya hapo akawa anakuja kila Jumapili na sukari, anakaa na mama yake barazani, picha, status. Wanakijiji wakalainika. Sisi watu wa huku hatuna kinyongo kirefu, mtu akimwezekea mama yake, hata kama amechelewa, tunasema basi, amejirudi.

Akashinda. Kwa kura chache, lakini akashinda.

Siku ya tatu simu ikaita. "Kijana, bati zangu." Hata salamu hakuna. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Sepuka.

Nikamchukua yule yule fundi, tukakodi guta la kubebea bati. Tulipofika mama akatuona na nyundo na kamba. Akaingia ndani akaanza kutoa vyombo. Godoro, sufuria, ndoo, na ile picha ya kampeni ya mwanae aliyokuwa ameibandika ukutani.

"Mama, nani amekwambia tunakuja kuezua?" nikamuuliza.

"Misumari," akasema. "Nimelala chali wiki tatu naiangalia. Mtu anayejenga hapigilii vile."

 Akakunja ile picha vizuri, akaiweka juu ya godoro.

"Na kura sikumpa."

Fundi akaacha kamba ikaanguka.

"Mama, mwanao wa kumzaa?"

"Ndiyo, nampenda. Miaka sita sijamwona hapa. Alipogombea, akaja kila Jumapili. Nikasema akishindwa atagombea tena. Nilitaka aendelee kugombea."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa anaiba sukari. Mimi machozi yalinilenga, sifichi.

Nikachukua nyundo mwenyewe, nikapanda juu. Nikamwambia fundi alete misumari yote aliyonayo na mingine akaazime. Kila bati tukaipigilia mpaka mwisho.

Jirani, yule mama wa maiki, akasikia nyundo akatoka. Wengine wakafuata. "Diwani amewatuma kumalizia?"

Nikasema ndiyo, mheshimiwa amesema tumalizie kabla ya mvua. Vigelegele vikapigwa. Na simu ikaita hapohapo.

"Kelele za nini hizo?"

"Wananchi wako, mheshimiwa. Wanakushukuru kwa kumalizia nyumba ya mama."

 Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa vifaranga wangu?"

Nilitamani kumwambia jiko la jirani sasa lina nafasi. Nikajizuia. Sherehe ya kuapishwa kwake alikodi spika za mtu mwingine, na mimi akani-block.

Kwa hiyo wakuu, nimehama timu. Mgombea analala na nani, hilo sitaki hata kulisikia, na yule fundi wa wake wawili naona nilimwonea tu. Ila mama yake analala wapi nitauliza. Na nikiona bati zinang'aa wiki tatu kabla ya kura, nitaomba ngazi nikakague misumari.

Anayeona nilikosea kumgeuka mheshimiwa aseme. Anayeona nilikosea zaidi siku ya kwanza, nilipokula jogoo wa watu, naye aseme, huyo sitambishia.

Kitu kimoja nilikuwa nataka kukiruka, lakini niliahidi ukweli. Jioni ile niliporudi Utemini nilimpigia mama yangu, yeye yuko Kintinku. Nikamwamkia, nikamuuliza hali, nikamuuliza na nyumba, paa linavuja au vipi?

 Akaniuliza, kwa upole tu:

"Mwanangu, kwani na wewe unagombea?"